Mzigo usipakie kesho nakuja: kisa cha lori la machungwa na bei ya neno

Karatasi yenyewe ninayo. Imekunjwa mara nne, mikunjo imeanza kukatika, na kwenye kona kuna duara la chai ambalo mama hajawahi kukubali kwamba ni la kikombe chake. Ni telegramu, ujumbe wa posta uliopigwa kwa waya na kulipiwa neno kwa neno, iliyopokewa Tanga mwezi Julai 1984. Ukiacha anwani na jina la mtumaji, ujumbe wote ni maneno manne ya herufi kubwa:

MZIGO USIPAKIE KESHO NAKUJA

Isome mara mbili. Ukiweka nukta baada ya "usipakie", mzigo usiguswe, mwenyewe anafika kesho. Ukiiweka baada ya "kesho", kilichokatazwa ni kupakia kesho tu, na mwenyewe yuko njiani, siku yoyote. Baba aliiweka baada ya "kesho". Lori zima la machungwa ya Muheza likaondoka na nukta hiyo.

Nyumbani kwetu kisa hiki kimekuwa utani wa mashemeji kwa miaka arobaini. Kila harusi kinasimuliwa, na kila mara anacheka yule ambaye safari hiyo hakulaumiwa. Mimi nimekuja kukiangalia kwa jicho jingine, kwa sababu watu wakizungumzia bei ya mawasiliano huuliza neno lilikuwa shilingi ngapi, dakika shilingi ngapi. Shilingi ilikuwa sehemu ndogo ya bei. Sehemu kubwa ilikaa mahali ambapo karani wa dirishani hakuandika risiti.

Jumanne hadi Alhamisi

Baba alikuwa na duka Ngamiani, hapo Tanga mjini, katika zile barabara za namba. Msimu wa machungwa ulipofika, duka aliliachia mama, yeye akahamia Muheza kuzunguka mashambani. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa Dar es Salaam akiuza Kariakoo. Mali ilikuwa ya shirika: mmoja anakusanya, mwingine anauza, faida inagawanywa kati. Wiki ile walikwisha kukubaliana lori lipakiwe Alhamisi, liingie Dar Ijumaa alfajiri, wauze mwisho wa wiki.

Jumanne mjomba akaamka akakuta soko limejaa. Malori ya wengine yalishatangulia, machungwa yamemwagwa chini mafungu kwa mafungu, bei imelala. Hapo hapo akapata fununu ya mnunuzi anayetaka mzigo wa kupeleka Mombasa. Mpaka na Kenya ulikuwa umefunguliwa Novemba 1983 baada ya kufungwa tangu 1977, na wafanyabiashara wa Tanga walikuwa ndiyo kwanza wanakumbuka kwamba Mombasa iko karibu kuliko Dar. Kwa hiyo mpango wake ulikuwa mzuri: lori lisiende kusini, yeye mwenyewe apande basi Jumatano aje apange na shemeji yake. Akaenda posta, akaandika maneno manne.

Telegramu ilifika mjini Tanga Jumatano saa nne asubuhi. Baba alikuwa amekuja kuchukua fedha za kulipa wakulima, akaipokea mlangoni. Akaisoma amesimama. Mama anasema aliisoma mara moja tu, akasema: "Shemeji kaona kitu huko. Kesho hataki. Maana yake ni leo." Akavaa kofia, akaondoka.

Tazama hapo neno "kesho" lilivyoteleza. Kwa mjomba, aliyeandika Jumanne, kesho ni Jumatano. Kwa baba, aliyesoma Jumatano, kesho ni Alhamisi, siku ileile waliyokubaliana kupakia. Ndiyo maana hakuona tatizo: ujumbe ulionekana unajibu mpango uliopo. Siku na saa ya kukabidhi viliandikwa juu ya fomu, vidogo, pamoja na namba za ofisi. Nani husoma pale?

Kufika magharibi lori lilikuwa limejaa. Baba alilipa wachumaji wa ziada, akalipa vijana wa kupakia bei ya haraka, akampa dereva chai ya njiani. Mjomba wakati huo alikuwa ndani ya basi lililochelewa, akija kaskazini. Huapa mpaka leo kwamba walipishana na lori lile karibu na Segera, kwamba aliona turubai lenye kiraka cha kijani na akajisemea, "Nalo hilo linapeleka machungwa Dar, masikini, hajui."

Saa mbili usiku akabisha hodi. Haya niliyasikia mwenyewe, nikiwa Darasa la Sita, nimejifanya nimelala.

"Shemeji, mzigo uko wapi?"

"Uko njiani."

"Njia ipi?"

"Si uliniambia kesho nisipakie? Nikapakia leo."

Kimya. Halafu mjomba akakaa kwenye kigoda, akavua kiatu kimoja, akakishika mkononi muda mrefu bila kukiweka chini.

Hasara ilikuwa na mkia. Lori lilifika Kariakoo Alhamisi alfajiri, na wa kulipokea hakuwepo: yuko Tanga, amekuja kulizuia. Dereva akasubiri, kisha akamwaga mzigo kwa mtu anayemfahamu. Machungwa yakakaa, yakaanza kulainika, na yaliyouzika yaliuzwa kwa bei ambayo baba hakuiandika kwenye daftari. Ukurasa ule una tarehe tu, na chini yake mstari.

Karani na ncha ya penseli

Ili kuelewa kwa nini mtu mzima aandike ujumbe wa mali yake yote kwa maneno manne, inabidi uwe umewahi kusimama mbele ya dirisha lile. Mimi nilikuwa nikitumwa. Baba aliandika kwanza kwenye kipande cha pakiti ya sigara, akafuta neno, akasoma, akafuta jingine. Posta unachukua fomu, unahamisha kwa herufi kubwa, neno moja moja. Karani anaigeuza imwelekee, anashika penseli, na kwa ncha yake anagonga kila neno: tak, tak, tak. Anagonga na anwani. Anagonga na jina lako mwenyewe. Ukigonganisha macho naye unaona aibu kwa neno "tafadhali" uliloliacha humo.

Na kwa Mswahili wa pwani aibu ya pili ilikuwa kubwa zaidi: salamu. Barua za siku hizo zilianza na nusu ukurasa wa salamu nyingi kama mchanga wa pwani, hali ya hapa, hali ya huko, wasalimie na jirani, ndipo ufike kwenye "ama baada ya salamu". Telegramu ndiyo maandishi pekee ya Kiswahili niliyoyaona nikiwa mtoto yasiyo na salamu hata moja. Ndiyo maana ilitisha hata kabla haijafunguliwa. Iliyoandikwa MGONJWA SANA NJOO kila mtu alijua mgonjwa amekwisha kuzikwa au anasubiriwa mtu wa kumzika.

Lugha yetu, kwa upande mwingine, ilikuwa na bahati mbele ya penseli ile. Mwingereza akitaka kusema hatutakwenda anahitaji maneno manne, sisi tunamaliza kwa moja. Nafsi, wakati, mtendwa, vyote vimefungwa kwenye kitenzi kama mzigo wa kanga. Baba alilijua hilo kwa vidole ingawa hakuwahi kulisema. Aliunganisha kila kilichounganishika.

Bahati hiyo ilikuwa na shimo lake. Katika "usipakie", kitu kinachotenganisha amri na katazo ni silabi moja katikati ya neno. Ikidondoka "si" njiani, kwa kidole cha opereta au macho ya msomaji, amri inageuka. Huduma ya telegramu tangu zamani iliuza dawa ya ugonjwa huo: ujumbe kurudiwa kituo kwa kituo ili uhakikiwe, kwa nyongeza ya ada. Iliuza pia jibu lililolipiwa kabla, ili mpokeaji aulize bila kutoa senti. Sijawahi kumwona mtu wa Ngamiani akinunua kimojawapo.

Hesabu ya maneno nayo haikuwa hesabu ya wazi kama inavyoonekana. Mkutano wa kimataifa wa telegramu wa St Petersburg, mwaka 1875, ulipanga urefu wa neno: herufi 15 kwa telegramu za ndani ya Ulaya, lakini 10 tu kwa zinazotoka nje ya bara hilo. Neno likizidi, linalipiwa kama mawili. Ulinganifu ulikuja baadaye. Kwa kipimo cha 10, "tutawasiliana" lenye herufi 13 lingelipiwa mara mbili. Bei ya neno ni ileile ubaoni, ila neno lenyewe limefupishwa kwa walio mbali.

Mbinu ya namna hiyo ilipita hata kwa Waingereza wenyewe. Serikali yao ilipochukua huduma ya telegramu kutoka kwa makampuni mwaka 1870, iliweka bei moja nchi nzima: shilingi 1 kwa maneno 20, mbali na karibu sawa, anwani bure. Mwaka 1885 bei ikashushwa hadi peni 6, ambayo ni nusu shilingi. Watu wakashangilia. Ila sasa ni maneno 12, na anwani inahesabiwa humo humo. Toa jina, mtaa na mji, uone yamebaki mangapi ya kusemea.

Waya ulikuja kwa ajili ya nani

Neno "simu" lenyewe tumelipata kutoka Kiajemi, ambako lina maana ya waya. Tulisema "kupiga simu" kabla hakujawa na kifaa cha kusemea, kwa sababu opereta alikuwa anapiga kweli, kidole juu ya ufunguo wa chuma.

Mkongo wa baharini ulifika Unguja mwaka 1879, ukitoka Aden na kuendelea kusini mpaka Durban. Bara ikaunganishwa 1890, mkongo ukivuka kutoka Unguja hadi Bagamoyo na Dar es Salaam, Wajerumani wakiwa wameanza kutawala pwani. Kisha nguzo zikapandwa kuambaa pwani mpaka Tanga, na nyingine zikaifuata reli iliyoanza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893.

Aliyepanga bei hakumfikiria muuza machungwa. Bei za mwanzo za mikongo mikubwa zilikuwa za serikali na makampuni: mkongo wa Atlantiki ulipofunguliwa 1866, ujumbe wa maneno 20 ulilipiwa pauni 20. Kwa mtawala, bei haikuwa na maana. Asubuhi ya tarehe 2 Novemba 1914, meli za Waingereza zilipotokea mbele ya Tanga, habari zilipigwa kwa waya hadi Moshi kwa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, askari wakapakiwa kwenye treni, na vita vikaisha tarehe 5 kwa Waingereza kurudi melini. Hakuna aliyehesabu maneno siku hiyo.

Makampuni nayo yalipata mlango wao. Yalitumia vitabu vya misimbo, ambamo neno moja lililotungwa linasimama badala ya sentensi nzima: bei, tani, tarehe ya meli, na katazo lake. Yalisajili anwani fupi ya neno moja ili jina refu la kampuni na mtaa lisilipiwe. Mstari wa "Anwani ya Simu" ulibaki juu ya barua za serikali yetu miaka mingi baada ya telegramu kuwa hadithi, ukiwa na neno moja tu kwenye alama za kunukuu, na vijana wa ofisini wasijue ni la nini. Kwa hiyo wenye mkonge wa Tanga waliweza kusema sentensi sita kwa maneno sita. Muuza machungwa, kwa maneno sita, alisema maneno sita. Aliyetuma ujumbe mara nyingi ndiye aliyelipa kidogo kwa kila jambo alilolisema, na yule wa mara moja kwa msimu, ambaye hawezi kununua kitabu cha misimbo wala kumfundisha mtu kukisoma, alilipa kamili.

"Si angepiga simu?"

Vijana wakisikia kisa hiki huuliza hilo kwanza. Jibu ni kwamba simu ya kusemea inahitaji mbili: ya kwako na ya unayempigia. Telegramu haikuhitaji hata moja. Mjomba angeweza kuingia kibanda cha posta Dar, lakini angempigia nani? Nyumba yetu haikuwa na simu. Duka halikuwa na simu. Baba aliwahi kujaza fomu ya kuomba laini, kisha akaizoea ile fomu kama mtu anavyozoea ugonjwa wa goti.

Hapo ndipo ilipo sehemu ya bei ambayo haikuandikwa. Huduma zetu za posta na simu ziliunganishwa na za Kenya na Uganda mwaka 1933, zikaendeshwa kwa pamoja kupitia mabadiliko yote ya utawala hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977. Kila nchi ikabaki na kipande chake, na chetu kikaanza maisha wakati fedha za kigeni hakuna. Mitambo, nyaya, hata vipuri vya kifaa cha mezani, vyote vinaagizwa nje. Ada za simu zilibaki za chini kwa sababu za kisiasa zinazoeleweka, na kitu cha bei ya chini ambacho hakiongezeki kina namna moja tu ya kugawika: foleni. Aliye na shilingi hakuipita foleni kwa shilingi, labda kwa njia nyingine. Hata katikati ya miaka ya 1990, laini za mezani nchini zilikuwa takriban 3 kwa kila watu 1,000. Ukisema simu ilikuwa rahisi miaka ile, nakubali, ilikuwa rahisi kwa hao watatu.

Siupendi sana ule usimulizi wa kwamba wa zamani walikuwa wazembe na soko likaja likatuokoa. Waya wa kwenda kwenye duka moja mwisho wa Ngamiani unagharimu kuliko unavyorudisha, na soko lingefanya hesabu hiyo hiyo. Foleni ilikuwa njia ya kusema "hapana" bila kutamka.

Simu ya karibu ilikuwa ya jirani mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nyeusi, nzito, na kwenye gurudumu la namba kaweka kufuli dogo la sanduku, ili vijana wa dukani wapokee tu wasipige. Alhamisi asubuhi, baba na mjomba walipoamua lazima wampate mtu Kariakoo amzuie dereva asimwage mzigo, walikwenda kwake mbio. Mwenyewe kasafiri Pangani na ufunguo uko kwenye kamba ya saruali yake.

Mtoto wake mkubwa akawatazama, akafunga mlango wa duka, akasema, "Msimwambie baba." Akanyanyua mkono wa simu na kuanza kugonga kile kitako ambacho simu hukatikia. Gurudumu la namba kazi yake ni kukata umeme na kuurudisha haraka, mara moja kwa 1, mara tano kwa 5, mara kumi kwa 0. Kidole chepesi kinaweza kufanya hivyo hivyo. Dar ilikuwa 051. Akagonga kumi, akapumzika. Tano. Moja. Kisha namba ya duka moja la Kariakoo linalotazamana na kizimba cha mjomba. Akikosea mdundo mmoja anaanza upya. Baba anahesabu kwa midomo bila sauti, mjomba amefumba macho. Mara ya nne ikaita.

Nimelifikiria sana tukio hilo. Mwaka 1984, katika duka lililofungwa Ngamiani, mtu alikuwa anapiga simu kwa maana ya kwanza kabisa ya neno, mdundo kwa mdundo, kama opereta wa Bagamoyo.

Aliyepokea upande wa pili alikuwa mtu wa heshima zake, akaanza salamu. Hamjambo Tanga, mvua vipi huko, watoto. Mjomba hakuweza kumkatisha, ni mkubwa kwake. Walipofika kwenye lori, jibu likawa: "Ah, lile? Limekwisha kumwaga, dereva kaenda kulala."

Nao walikuwa na haraka isiyo na sababu. Wote wawili walizoea simu za mbali za kuombwa kwa opereta, ambazo zilihesabiwa kwa vipande vya dakika tatu, na opereta anaingia katikati kukuambia zimekwisha. Kipimo hicho ni cha zamani: New York na San Francisco zilipounganishwa Januari 1915, bei ilikuwa dola 20.70 kwa dakika tatu za kwanza. Hii ya kugonga kitako haikuwa na opereta, ilijihesabia yenyewe kwenye mita ya jirani, ila mjomba alizungumza kama mtu anayemsikia opereta akikohoa pembeni.

Alichokiona mama

Ugomvi ulichukua siku tatu. Baba alidai shemeji kaandika vibaya: angeongeza neno moja tu la kukata sentensi, au "Jumatano" badala ya "kesho". Mjomba alidai shemeji kasoma vibaya, na kwamba neno moja la ziada kila telegramu, kwa msimu mzima, ni fedha. Kila mmoja alimwita mama amshuhudie, na mama kakaa kati, huyu mume, huyu kaka.

Jioni ya tatu mama akaichukua karatasi, ndipo duara la chai lilipopatikana, akasema taratibu, "Mngeandika kesho nakuja mzigo usipakie."

Hesabu. Kesho, nakuja, mzigo, usipakie. Manne. Maneno yaleyale, bei ileile, na hakuna mahali pa kuiweka nukta vibaya. Ingebaki mashaka ya kesho ipi, lakini hata angeelewa kesho ya Alhamisi, baba asingegusa chungwa.

Kwa hiyo utetezi wa mjomba, kwamba bei ndiyo iliyomfanya aandike vile, haukusimama. Hakuna senti aliyoiokoa. Ila mimi simlaumu kama mama alivyomlaumu. Mtu akifundishwa miaka mingi na ncha ya penseli kwamba kinachohesabika ni idadi, jicho lake linajifunza idadi. Alipopata manne aliridhika. Mpangilio haukuwa na bei, basi hakuna aliyeutazama. Na baba naye alisoma kama alivyozoea kuandika: haraka, kila neno lina thamani, hivyo kila neno lazima liwe limeshikamana na lililotangulia.

Mjomba namlaumu zaidi kwa jambo jingine: hakuwaza kwamba ujumbe usioweza kuulizwa unapaswa kuandikwa kwa msomaji mjinga kuliko uliye naye. Baba hakuwa mjinga. Ila saa nne asubuhi, mlangoni, na fedha za wakulima mfukoni, kila mtu ni mjinga kidogo.

Baada yake

Laini ya duka ilikuja baba akiwa ameshazeeka kibiashara. Kufika 1994 shirika la zamani liligawanywa, posta upande wake na simu upande wake, na mwaka huo huo simu za mkononi zikaanza Dar. Huku kwetu zilichukua miaka kadhaa zaidi. Zilipofika, kuhesabu kukaanza upya. Kupiga mtandao mwingine kulikuwa ghali, kwa sababu kila kampuni ililipa nyingine ili simu ivuke. Ada hiyo ilikuwa shilingi 112 kwa dakika kabla ya kushushwa hadi 34.92 mwaka 2013, na kufika 2022 ilikuwa shilingi 2. Kabla ya hapo mtu wa Tanga alibeba laini tatu, akabadilisha kulingana na anayempigia, jino likiufungua mfuniko wa simu. Ulikuwa ukuta usioonekana katikati ya mtaa mmoja, na watu waliuzunguka kwa vidole. Mwisho wa 2023 laini zilikuwa zaidi ya milioni 70, kwa nchi ambayo sensa ya mwaka uliotangulia ilihesabu watu milioni 61.7. Sehemu ya hizo ni za wale waliokuwa wakipanda ukuta.

Meseji nayo ilikuja na penseli yake: herufi 160. Mjerumani Friedhelm Hillebrand alifikia kiasi hicho mwaka 1985 kwa kuandika sentensi za kawaida kwenye taipureta na kuzihesabu, na kwa kuona kwamba kadi za posta na teleksi nyingi, yale maandishi ya ofisini yaliyopigwa kwa waya, hazikuzidi hapo. Hivyo kipimo cha mtu aliyeogopa kulipa teleksi kikaingia mfukoni mwetu. Mama, ambaye hakuwahi kutuma telegramu maishani, aliandika meseji kamili, na salamu zake, hata zikakatika vipande viwili.

Mjomba alipata simu ya mkononi mwaka 2002. Baba alikuwa nayo tangu mwezi uliotangulia, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki kwa ajili ya vumbi. Meseji ya kwanza ya mjomba iliingia tukiwa tunakula. Baba aliisogeza mbali na macho, akaisoma kwa sauti:

MZIGO USIPAKIE NUKTA KESHO NAKUJA NUKTA

Akacheka mpaka akakohoa, mama akampa maji. Nikamuuliza kama nimwandikie jibu. Akatikisa kichwa, akabonyeza namba ya shemeji yake, akasikiliza iite mara moja, akaikata kabla haijapokewa.

"Ameelewa," akasema, akarudi kwenye wali.